Huyu Anataka Nini Kwangu? Ushauri kwa Aliyepata Simu ya Kwanza

Kila mwaka mwezi wa Novemba, mtihani wa kidato cha nne ukishaisha, maduka ya simu ya Kariakoo, Mwanza na Arusha hupata wateja wa aina moja: mzazi na kijana wake, mmoja akiuliza bei, mwingine akiuliza kamera. Shule nyingi za sekondari Tanzania haziruhusu simu, za bweni ndiyo kabisa, kwa hiyo ile ahadi ya "maliza shule nitakununulia" imeshakuwa sehemu ya malezi. Matokeo hutoka Januari. Kidato cha tano huanza Julai. Hapo katikati kuna miezi mirefu ya kukaa nyumbani na simu mpya, bando la wiki na siku zisizo na kengele.

Makala hii ni ya kijana huyo. Mzazi naye asome, ila atanivumilia: nitaanza na mwanawe, yeye zamu yake inakuja.

Mdogo wangu, najua utasema huhitaji darasa. Umekulia humo humo. Ulianza na katuni za YouTube kwenye simu ya mama kabla hujajua kusoma, ukaijua loki yake kabla hujaanza darasa la kwanza, ukaingia Instagram kwa akaunti ya dada, na likizo zote umezimaliza TikTok kwa simu ya binamu. Ni kweli. Mwaka 2001 mwandishi wa Kimarekani, Marc Prensky, aliwaita watoto wa zama hizi wenyeji wa dijitali, na watu wazima akawaita wahamiaji. Majina hayo yalipendwa sana, na yamepotosha wengi. Mtu anaweza kuzaliwa Kariakoo akakulia Kariakoo, na bado akauziwa kipande cha sabuni ndani ya boksi la simu.

Wepesi wa vidole ni jambo moja, kumjua aliye upande wa pili wa kioo ni jambo jingine. Ndiyo maana ushauri wangu wote umo ndani ya swali moja, ambalo ningependa ulizoee mpaka lije lenyewe kabla kidole hakijagusa: huyu anataka nini kwangu? Karibu kila kinachokufikia kwenye simu kinataka kimoja kati ya vitu vinne: muda wako, taarifa zako, pesa zako, au kidole chako kisaidie kusambaza. Mara nyingine utatoa kwa hiari yako, na hapo hakuna ubaya. Ubaya ni kutoa bila kujua kwamba umeombwa.

Siku ya kwanza

Tuanze na kifaa chenyewe, maana makosa mengi ya baadaye huzaliwa siku ya kwanza.

Kama simu ni ya mtumba au umerithi kwa kaka, mwenye nayo aondoe akaunti yake ya Google mbele yako kabla hamjaachana, kisha simu irudishwe kama ilivyotoka kiwandani. Mfuatano huo una sababu. Simu nyingi za Android zikifutwa akaunti ya zamani ikiwa bado imo, zikiwaka huuliza neno la siri la mwenye zamani. Kama ni mtu uliyekutana naye barabarani, utabaki umeshika kioo. Piga *#06# uone namba ya IMEI, kisha kwa Tanzania itume kwenda 15090. Ujumbe utakaorudi unataja aina ya simu, nawe utaona kama inafanana na uliyoshika.

Halafu laini. Tanzania laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), na tangu tarehe 20 Januari 2020 zile zisizosajiliwa hivyo zilianza kufungwa. Wewe kama hujafikisha miaka 18, laini yako bila shaka ipo kwa jina la mzazi. Si vibaya, mradi mjue wote wawili maana yake: mwenye jina ndiye mwenye laini. Simu ikiibwa, yeye ndiye atakayekwenda kurudisha namba. Ukisahau namba ya siri ya pesa, yeye ndiye atakayeulizwa maswali. Kwa hiyo laini isiwe kwa jina la rafiki wa jirani wala la kijana mwenye mwavuli aliyekwambia "tutumie tu namba yangu". Ukifikisha 18 na kupata namba ya NIDA, hamishia laini kwenye jina lako mapema.

Na unapoweka kidole kwenye kile kimashine cha usajili, hesabu. Wapo mawakala wasio waaminifu wanaosema "haijashika, weka tena", na kumbe ile mara ya pili wanasajili laini nyingine kwa jina lako, itakayokwenda kutapeli watu. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Namba hiyo hiyo inatumika pia Kenya. Ukiiona usiyoijua, nenda ofisi ya mtandao husika ukaikatae.

Mwisho, fungua barua pepe yenye jina lako halisi, kwa sababu ndiyo itakayobeba maombi ya mkopo wa elimu ya juu, ya chuo na ya ajira kwa miaka mingi. Ofisa wa ajira asije akalazimika kukuandikia kwa jina ulilojipa ukiwa na miaka 14. Neno la siri la barua pepe hiyo lisifanane na jingine lolote, kwa kuwa mwenye kuishika barua pepe anaweza kuomba upya maneno ya siri ya akaunti zako nyingine zote. Mwaka 2009 kampuni ya Kimarekani ya RockYou iliibiwa maneno ya siri yapatayo milioni 32. Yalipochambuliwa, lililotumiwa na watu wengi kuliko yote lilikuwa 123456. Wezi hawahitaji uchawi. Huanza na orodha ya maneno yanayopendwa, ikiwemo tarehe ya kuzaliwa na jina la mchumba. Tunga maneno manne yasiyohusiana, kitu kama "ndoo kumi zimelala Tabora", lako lakini, siyo hili ambalo limeshachapishwa. Kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye barua pepe na kwenye WhatsApp.

Anayetaka muda wako

Ukiingia kuangalia video moja ukashtuka adhana ya magharibi inasomwa, usijilaumu peke yako. Zamani ukurasa ulikuwa na mwisho. Ukifika chini unaamua kama uendelee au uache. Mwaka 2006 mbunifu Aza Raskin alitengeneza namna ya ukurasa kujiongeza wenyewe kadiri unavyoshuka, na baadaye yeye mwenyewe alisema hadharani kwamba anajuta. Mwaka 2009 Facebook ikaleta kitufe cha kupenda, na tangu hapo mamilioni ya watu huweka picha kisha hurudi kila baada ya dakika chache kuhesabu. Majukwaa haya ni ya bure kwa sababu yanauza matangazo, na matangazo huuzwa kwa muda unaokaa humo. Wahandisi wenye mishahara minono wameajiriwa kuhakikisha huondoki.

Dawa si kuapa kwamba utaacha. Badilisha mipangilio. Zima arifa zote isipokuwa zile zinazotoka kwa watu: simu, ujumbe, WhatsApp. Programu ikikwambia "fulani ameweka picha mpya", hiyo haijatoka kwa fulani, imetoka kwa kampuni iliyokumiss. Zima video kujicheza zenyewe, na kwenye WhatsApp zima kupakua picha na video bila kuulizwa. Hapo utaokoa muda na bando kwa pamoja, na simu haitajaa video za grupu la ukoo. Kwenye mipangilio ya simu kuna sehemu inayoonyesha umetumia saa ngapi kwenye kila programu. Iangalie kila Jumapili.

Zoea la pili ni kwenda mtandaoni kutafuta badala ya kungoja kuletewa. Anayefungua TikTok "aone kuna nini" amekabidhi uamuzi kwa mashine. Anayeandika kwenye YouTube "namna ya kukata gauni la solo" au "msawazo wa nguvu fizikia" ameshika usukani. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba ya mtandaoni yenye vitabu vya kiada, vikiwemo vya kidato cha tano unachokisubiri. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003, na mtu yeyote anaweza kuihariri. Tafuta makala ya wilaya yako. Nyingi ni fupi mno. Ukiongeza aya tatu zenye vyanzo, utajifunza namna maarifa ya mtandaoni yanavyotengenezwa kuliko mwezi mzima wa kutazama tu.

Anayetaka taarifa zako

Majukwaa mengi huuliza kama umetimiza miaka 13. Umri huo umetoka kwenye sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayozuia kampuni kukusanya taarifa za mtoto wa chini ya umri huo bila ridhaa ya mzazi. Wengi wenu mlidanganya umri mkaingia. Sasa rudi urekebishe mwaka wa kuzaliwa, maana ukiwa na miaka 16 na jukwaa linakuhesabu una 24, linakuletea matangazo ya watu wazima na kukunyima ulinzi uliowekwa kwa ajili ya umri wako.

Kisha pitia ruhusa. Programu ya tochi haina haja ya kujua majina uliyohifadhi kwenye simu. Mchezo wa mpira hauna haja ya kipaza sauti. Hapa ndipo penye hatari ya programu za mikopo ya haraka: unaomba shilingi elfu thelathini, unaikubalia isome orodha yako ya majina, na ukichelewa kulipa, mwalimu wako wa zamani, shangazi na shemeji wote wanatumiwa ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za namna hiyo zinazofanya kazi bila leseni. Ukiombwa ruhusa ya kusoma majina, fahamu kwamba hayo majina ndiyo dhamana.

Picha nazo husema mengi kuliko ulivyokusudia. Sare ya shule inataja shule. Kibao cha duka nyuma yako kinataja mtaa. Stetasi ya "tuko Tanga mpaka Jumatatu" inamwambia mwizi kwamba nyumba ya Tabata haina watu. Picha ya cheti au ya kitambulisho cha NIDA isikae kwenye stetasi hata kwa furaha ya namna gani. Namba iliyomo ndiyo inayotumika kusajili laini.

Sasa lile ambalo wakubwa hulikwepa. Utapenda, na huyo unayempenda anaweza kukuomba picha ya utupu. Jibu langu ni usitume, hata kama anakupenda kweli. Mapenzi huisha, simu huibiwa, hupelekwa kwa fundi, hushikwa na mdogo wake. Kinachoitwa "konekisheni" mtaani, yaani picha za utupu zilizovuja, mara nyingi kilianza kama siri ya watu wawili. Na wewe uliyeletewa tu kwenye grupu, ukiisambaza umevunja sheria: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inakataza kuchapisha ponografia mtandaoni, na sheria ya Kenya ya mwaka 2018 ina kifungu mahususi kuhusu kusambaza picha za faragha za mtu.

Kama imeshatumwa na mtu anakutishia, fuata haya. Usilipe, anayelipwa leo hurudi kesho akitaka zaidi. Usifute mazungumzo, piga skrinishoti zenye namba, jina la akaunti na tarehe. Mripoti ndani ya jukwaa, kisha mzuie. Mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini usiku huo huo. Namba 116 ni ya huduma ya simu kwa mtoto Tanzania na Kenya, haina malipo. Vituo vingi vya polisi Tanzania vina dawati la jinsia na watoto. Na kuna huduma mbili za bure zinazotumika popote duniani: Take It Down, kwa picha ulizopigwa ukiwa chini ya miaka 18, na StopNCII kwa watu wazima. Huitumi picha yenyewe. Simu yako hutengeneza alama ya tarakimu inayoiwakilisha picha hiyo, na majukwaa yaliyojiunga huitumia alama hiyo kuinasa picha ikipandishwa. Haifuti kila mahali, lakini inaziba njia kubwa.

Anayetaka pesa zako

Soma ujumbe huu kama ulivyo, maana Mtanzania yeyote mwenye simu ameshaupata: "Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja Amina."

Angalia kazi iliyofanyika hapo. Mwandishi hakusema ni hela gani, wala yeye ni nani, wala anakudai kwa ajili ya nini. Ameurusha ujumbe huo kwa mamia ya namba asizozijua. Wengi watafuta. Lakini katika hao mamia yupo anayetakiwa kulipa kodi ya chumba siku hiyo, yupo aliyeahidi mchango wa harusi, yupo baba anayedaiwa ada. Huyo hujaza mwenyewe pale palipoachwa wazi: "Kumbe mwenye nyumba amebadilisha namba." Na jina kweli litakuja Amina, kwa sababu laini imesajiliwa kwa jina la Amina, ambaye huenda hajui hata kama anayo. Kinga ni moja tu: mpigie unayemdhania, kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, kabla hujatuma. Ujumbe wenyewe usambaze kwenda 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kwa wateja wa Safaricom Kenya ni 333.

Utapeli mwingine huvaa sura ya rafiki. Anakuandikia WhatsApp, kwa picha yake ileile na mzaha wake uleule: "Samahani, kuna namba sita zimekuja kwako kimakosa, naomba unitumie." Huyo si rafiki yako tena, akaunti yake imeshachukuliwa, na hizo namba sita ndizo ufunguo wa akaunti yako. Ukizituma utatolewa nje, naye ataanza kuwaomba pesa watu wako kwa jina lako. Ikitokea, ingiza namba yako upya kwenye WhatsApp, omba namba sita mpya, na yeye atatoka. Akiwa ameshaweka namba yake ya siri ya hatua mbili, huenda ukangoja siku saba. Ndiyo maana nilisema uiweke wewe mapema. Na wapigie simu ndugu mara moja, usingoje uirudishe kwanza.

Januari itakuja na linki za matokeo, baadaye za mikopo, za ajira na za usaili. Jifunze kusoma anwani. Chukua mfano huu wa kubuni: necta.go.tz.matokeo-haraka.com. Jicho linaona "necta.go.tz", anwani ya Baraza la Mitihani, linatulia. Lakini anwani husomwa kutoka kulia, ukianzia kwenye mkwaju (/) wa kwanza unaofuata jina la tovuti, au mwisho wa anwani kama mkwaju haupo, kurudi nyuma: hapa mwenye nyumba ni matokeo-haraka.com, na maneno mengine yote yaliyotangulia amejiandikia mwenyewe. Tovuti ya serikali ya Tanzania huishia na .go.tz, ya Kenya .go.ke. Ukiwa na shaka, usibonyeze linki. Andika mwenyewe anwani unayoijua.

Na kwa kazi kanuni ni fupi: mwajiri analipa, halipwi. Anayekuomba hela ya fomu, ya sare, ya vipimo au ya "kukuwekea nafasi" hana kazi ya kukupa. Vivyo hivyo anayeuza mkeka wa kubeti wa uhakika kwenye Telegram: angekuwa anajua matokeo ya mechi, asingehitaji elfu tano yako.

Anayetaka kidole chako

Huyu ndiye mgumu kuliko wote, kwa sababu hakunyang'anyi kitu. Anakuomba tu usambaze. Ni sauti ya mtu anayejiita daktari, anaongea kwa haraka, anataja hospitali kubwa bila kutaja jina lake, na mwisho anasema usikae nayo peke yako. Ni picha ya ajali "imetokea asubuhi hii". Ni video ya kiongozi akitamka maneno mazito.

Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walichapisha uchambuzi wa habari zipatazo 126,000 zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017. Habari ya uongo ilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa kuliko ya kweli, na waliokuwa wakizisambaza zaidi hawakuwa mashine bali watu, kwa sababu uongo huwa na upya na mshtuko ambao ukweli mara nyingi hauna. Mwaka huo huo, baada ya uvumi wa WhatsApp kusababisha watu kuuawa na makundi yenye hasira nchini India, WhatsApp ilianza kupunguza idadi ya watu unaoweza kuwasambazia ujumbe kwa mkupuo. Mwaka 2019 ikawa watano duniani kote. Aprili 2020, wakati wa korona, ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi ukawekewa mpaka wa chati moja kwa wakati. Ukiona mishale miwili juu ya ujumbe, ndio huo. Maana yake ni kwamba aliyekutumia hajui umetoka wapi, hata kama ni baba mchungaji.

Sasa, unaupimaje? Chuo Kikuu cha Stanford kiliwahi kuwapima wahakiki wa habari, wanahistoria wenye shahada za uzamivu na wanafunzi wa chuo hicho. Wakapewa, pamoja na mengine, kurasa za vyama viwili vya madaktari wa watoto wa Marekani vyenye majina yanayofanana: kimoja kikubwa kilichoanzishwa 1930, kingine kikundi kidogo kilichojitenga mwaka 2002. Wanafunzi, na hata wanahistoria wengi, walikaa ndani ya ukurasa: wakaangalia nembo, marejeo, lugha ya kitaalamu, wakaridhika. Wahakiki waliutazama ukurasa kidogo tu, wakatoka. Walifungua kurasa nyingine kuuliza wengine wanasemaje kuhusu chama hiki, na muda si mrefu wakawa wamekijua.

Ndiyo mbinu ninayotaka uichukue: usimhoji anayejieleza, toka nje uulize jirani. Uzuri wa nembo hauthibitishi kitu siku hizi. Andika jina la tovuti au dai lenyewe kwenye Google, uongeze neno "uzushi" au "ukweli". Picha itafute kwa picha yenyewe kwa kutumia Google Lens. Mara nyingi utagundua kwamba ajali ya "asubuhi hii" ilitokea nchi nyingine miaka kadhaa iliyopita. PesaCheck, Africa Check na JamiiCheck huchunguza madai yanayozunguka katika ukanda wetu, na baadhi ya taarifa zao zimeandikwa kwa Kiswahili. Kwa video na sauti zinazotengenezwa na akili mnemba, acha kuhesabu vidole vya mtu kwenye picha. Mashine zinaboreka kila mwezi. Uliza nani aliirekodi, lini, wapi, na kama kuna chombo kingine chochote kilichokuwepo. Kiongozi akisema jambo zito uwanjani, haliwezi kurekodiwa na simu moja tu.

Usipopata jibu, si lazima utume. Kunyamaza mtandaoni hakuna gharama, na akili za kuambiwa ni lazima uchanganye na zako.

Kidole hicho hicho ndicho kinachoandika yako mwenyewe. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Harvard kilifuta nafasi za angalau vijana 10 waliokwisha kudahiliwa, kwa sababu ya picha za mzaha mbaya walizotumiana kwenye grupu walilodhani ni la siri. Tafuta jina lako kwenye Google leo, uone wengine wanaona nini, na ufute unachoweza kufuta. Tanzania kwa sheria ya mwaka 2022 na Kenya kwa sheria ya mwaka 2019 zimempa mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumikaje na kudai zisahihishwe. Ni haki nzuri, ila haiwezi kurudisha skrinishoti iliyomo kwenye simu ya mtu asiyekupenda.

Mzazi, zamu yako

Nitakuwa mfupi. Siku mwanao atakapokuja na tatizo la mtandaoni, jambo la kwanza litakalokujia ni kumnyang'anya simu. Usifanye hivyo. Ukimnyang'anya leo, tatizo lijalo hatakuletea. Atalipeleka kwa rafiki mwenye miaka 17 kama yeye, au atamlipa anayemtisha. Msikilize mpaka amalize, mshukuru kwa kusema, kisha mtafute suluhisho pamoja.

Na kabla hujaweka picha ya mtoto akioga au akilia siku ya matokeo, muulize. Picha zake za kwanza mtandaoni uliziweka wewe. Akiona unaomba ruhusa, atajua ruhusa ni kitu cha kuombwa, na atakayemwomba picha isiyofaa hatamkuta mtu asiyejua kukataa.

Ukishajua, fundisha

Mdogo wangu, kuna kazi utakayopewa bila kuajiriwa. Katika nyumba nyingi, kijana ndiye fundi wa simu za wote. Bibi atakuletea ujumbe wa kushinda milioni kumi. Baba atakuuliza kama hii habari ni ya kweli. Usiwacheke wala usiwajibu "ni uongo tu" ukaendelea na yako. Waonyeshe ulivyojua: hii ndiyo anwani, hii ndiyo picha ya zamani, mtumaji hakutaja jina. Mtu akifundishwa njia, wiki ijayo ataitumia mwenyewe, na nawe kumfundisha kutakulazimisha kuielewa.

Anza Jumamosi hii. Kaeni chini na mama, mpige *106# kwa simu yake na mzihesabu laini pamoja. Mwekee namba ya siri ya hatua mbili kwenye WhatsApp, aichague mwenyewe bila wewe kutazama. Mzime upakuaji wa video usio na ruhusa. Kisha mkubaliane jambo moja la nyumbani: hakuna anayetuma hela kwa ujumbe wa maandishi, hata uwe umetoka kwa nani, mpaka kwanza apige simu na kusikia sauti anayoijua ikijibu kitu ambacho mtu wa nje hawezi kukijua. Kazi yote haizidi nusu saa, na ni kinga ya kwanza ambayo nyumba nzima itakuwa imeipata kutoka kwako.